Laptopu ya Gemu Ikianza Kukwama, Uliza Kwanza Inakwama Dakika ya Ngapi

"Kaka, mashine imezeeka, tuifute tu tuweke Windows upya." Maneno hayo nayasikia kwenye meza yangu ya ufundi hapa Mwanjelwa, Mbeya, karibu kila wiki. Mara nyingi anayeyasema ameshaiweka Windows upya mara mbili kabla ya kunijia, na gemu bado linakwama.

Mwezi Julai alikuja mwanafunzi wa chuo anayekaa Iyunga, kabeba laptopu ya gemu aliyoinunua ikiwa imeshatumika: prosesa (chipu inayofanya hesabu zote) ya Core i7-7700HQ, kadi ya picha ya GTX 1060, RAM (kumbukumbu ya kazi ya muda) ya GB 8. Ni mashine ya kizazi cha mwaka 2017, na wakati wake ilikuwa ya maana kweli. Alipoinunua alicheza gemu la mpira kwa fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde bila wasiwasi. "Sasa hivi," akaniambia, "dakika kumi za mwanzo safi kabisa. Baada ya hapo wachezaji wanakimbia kama wako kwenye tope."

Nilimwomba arudie sehemu moja tu: dakika kumi. Hapo ndipo penye jibu, na ndiyo maana nimeamua kuliandika jambo hili kwa urefu. Vijana wengi wanatupa hela kwenye RAM, kwenye Windows, hata kwenye mashine nyingine, kwa sababu hakuna aliyewauliza tatizo linaanza saa ngapi.

Tuanze na neno lenyewe "imezeeka". Prosesa haichoki kama goti la mzee. Ikiwa nzima, hesabu inazoweza kufanya leo ni zilezile ilizofanya siku ilipotoka kwenye boksi. Kinachobadilika ni ruhusa. Ndani ya mashine kuna vihisi vinavyopima joto na umeme muda wote, na vikiona mambo yamekaribia hatari, mashine inajishusha kasi yenyewe ili isiungue au isizime. Kwa hiyo laptopu inayokwama mara nyingi inajikinga na kitu. Kazi ya fundi ni kujua inajikinga na nini, na muda wa kukwama ndio unaosema.

Ikiwa gemu ni zito tangu sekunde ya kwanza, na hata kufungua mafaili ya kawaida ni tabu, shuku umeme au programu zinazojiendesha kwa nyuma. Ikiwa linateleza kwanza halafu linaanguka baada ya dakika tano, kumi au kumi na tano, na ukilipumzisha linarudi, hilo ni joto. Ikiwa linastuka mara mojamoja, hasa ukiingia eneo jipya la gemu, kisha linaendelea vizuri, tazama RAM na diski. Ikiwa picha inateleza vizuri lakini wachezaji wa mtandaoni wanarukaruka na pasi inafika imechelewa, basi laptopu haina kosa. Shida ni intaneti, na bando la simu usiku watu wote wakiwa hewani linaleta hayo hata kwa mashine nzima isiyohitaji kufunguliwa skrubu moja.

Usikisie. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia sehemu ya utendaji (Performance), usome kasi ya prosesa kwa gigahezi wakati gemu linaenda. Afadhali zaidi ni programu ya HWiNFO. Ni ya bure, inaonyesha joto la prosesa na la kadi ya picha, na ina mistari inayosema wazi kama prosesa imepunguzwa kwa sababu ya joto au kwa sababu ya kikomo cha umeme. Iwashe, cheza nusu saa, kisha rudi usome kiwango cha juu kilichofikiwa.

Ya kijana wa Iyunga tuliisoma pamoja. Dakika ya pili: prosesa nyuzi 88, gigahezi 3.4. Dakika ya sita: nyuzi 97. Dakika ya kumi na moja mstari wa joto ukageuka "ndiyo", na kasi ikashuka hadi gigahezi 2.1, ikapanda kidogo, ikashuka tena. Akalitazama gemu, akaitazama namba, akanyamaza. Prosesa za aina hiyo kikomo chake ni nyuzi 100, na zikikikaribia zinakata kasi bila kumuomba mtu ruhusa.

Sasa, kwa nini joto lipande leo wakati mwaka wa kwanza halikupanda?

Tulifungua kifuniko cha chini. Feni zenyewe hazikuonekana chafu sana, na hapo ndipo wengi wanadanganyika, wanapuliza kidogo na kufunga. Uchafu wenyewe unajificha kati ya feni na mapezi membamba ya shaba ambamo hewa hupita ikitoka nje. Nilipoiondoa feni nikaingiza kibano na kuvuta, ukatoka utando mmoja mzima, wa kijivu, umeshikamana kama kipande cha blanketi, wenye umbo la mdomo wa feni kabisa. Ndani yake kulikuwa na vumbi letu lile jekundu, nyuzi za nguo na nywele. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zote na kupiga kelele, lakini ilikuwa inasukuma hewa kwenye ukuta.

Vumbi hili tunalijua. Kuanzia Agosti hadi mvua zinyeshe mwezi wa kumi na moja, anayekaa kando ya barabara ya vumbi, iwe Isyesye, Uyole au njia ya Chunya, anafuta meza asubuhi na jioni inaandikika. Feni ya laptopu inaivuta hewa hiyohiyo kila saa unayocheza. Kisha inakuja baridi ya Juni na Julai, na kijana anahamia kitandani na laptopu yake, kaiweka juu ya blanketi la manyoya. Matundu ya kuvutia hewa yako chini. Blanketi linayaziba yote, na manyoya yake yanaingia ndani. Kwa hiyo mashine nyingi zinazonifikia na joto la kutisha zinakuja katika miezi ambayo sisi wenyewe tunatetemeka.

Kuna jambo jingine la nyanda zetu ambalo halisemwi sana. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, pungufu kwa karibu moja ya sita ukilinganisha na ya pwani. Ndiyo sababu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na ndiyo sababu maharage yanakula mkaa kuliko yangekula Dar es Salaam. Feni inasukuma ujazo uleule wa hewa, lakini hewa yenyewe ndani ya ujazo huo ni chache, hivyo joto inalobeba ni pungufu. Bahati nzuri ni kwamba hewa yetu ni ya baridi, na nyuzi 18 za chumba cha Mbeya ni neema kubwa mbele ya nyuzi 31 za Kariakoo. Kwa mashine safi, baridi inalipa deni la wepesi na chenji inabaki. Kwa mashine iliyozibwa, hailipi kitu.

Baada ya vumbi linafuata pesti, ule uji wa kijivu unaokaa kati ya chipu na shaba. Watu wanasema "pesti imekauka", na mara nyingine ni kweli, lakini kuna sababu ya pili. Kila ukicheza, chipu inapata joto na kutanuka; ukizima, inasinyaa. Mara mia, mara elfu, mwendo huo mdogo unaisukuma pesti pembeni taratibu hadi katikati pabaki patupu. Ukinyanyua shaba ya mashine ya miaka mitano au sita unaiona: pembeni kuna kingo nene, katikati kuna kivuli tu cha pesti. Na katikati ndipo joto lilipo.

Kubadilisha si kazi ya ajabu, ila ina adabu zake. Zima kabisa, chomoa chaja, kisha chomoa waya wa betri kutoka kwenye bodi kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Skrubu zinazoishika shaba zina namba zilizochongwa pembeni yake, moja, mbili, tatu. Ukifungua anza na namba ya juu ukishuka, ukifunga anza na moja, kidogokidogo kila moja, ili shaba ikae sawa. Futa pesti ya zamani kwa spiriti safi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Chipu za laptopu ziko wazi, hazina kofia ya chuma kama za kompyuta za mezani, hivyo pesti lazima ifunike uso wote; kiasi cha punje mbili za mchele wa Kyela, kikisambazwa, kinatosha kwa chipu ya ukubwa wa kawaida. Vile vipande laini kama raba vinavyokaa juu ya chipu ndogo za kumbukumbu visitupwe wala kubadilishwa kwa pesti. Vimejaza nafasi yenye unene maalumu. Ukiweka kipande kinene kuliko cha awali, shaba inanyanyuka, haiigusi chipu kubwa, na mashine inarudi nyumbani na joto kuliko ilivyokuja. Nimeshapokea mashine za namna hiyo, na inauma, kwa sababu mwenyewe alishalipa.

Na tafadhali, usiipeleke laptopu kwa fundi pancha ipulizwe kwa kompresa. Upepo ule unazungusha feni kwa kasi ambayo haikutengenezewa, na ndani ya tangi la kompresa mna maji na mafuta ambayo yatarushwa moja kwa moja juu ya bodi. Tumia brashi laini na kipulizio cha mkono, na shika feni kwa kidole isizunguke.

Kitu kingine kuhusu joto ambacho kinasaidia hata kabla ya kushika bisibisi: kwenye laptopu nyingi za gemu, prosesa na kadi ya picha zinatumia mabomba yaleyale ya shaba. Moja ikichemka, inamchemsha jirani. Gemu nyingi zinategemea kadi ya picha kuliko prosesa, lakini prosesa inajituma hadi mwisho wa uwezo wake hata pasipo na haja, na joto lake linaipunguzia nguvu kadi. Ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, tafuta kiwango cha juu cha prosesa (Maximum processor state), weka asilimia 99 badala ya 100. Asilimia hiyo moja inazima zile mbio za ziada za prosesa. Kwa i7 hii, itabaki kwenye gigahezi 2.8 badala ya kukimbilia 3.8. Joto linashuka sana kwa sababu umeme unaoliwa unapanda haraka kuliko kasi inavyopanda, na fremu kwenye gemu nyingi hazipungui kwa kiasi cha kuonekana. Vilevile, kama kioo chako kinaonyesha fremu 60 kwa sekunde, weka kikomo cha gemu kwenye 60. Fremu ya 61 na kuendelea huzioni, unazilipia kwa joto tu.

Kijana tulimsafishia, tukabadili pesti. Nusu saa ya gemu, prosesa nyuzi 82, gigahezi 3.4 bila kuyumba. Alifurahi, na mimi nilifurahi, hadi nilipoangalia pembe ya chini ya kioo. Chaja ilikuwa imechomekwa muda wote, lakini betri ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 100 hadi 74.

Huo ni ugonjwa wa pili, na ulikuwa umefichwa na wa kwanza. Laptopu ya gemu inakula umeme mwingi kuliko ya ofisini, na chaja yake ni kubwa kwa sababu hiyo. Geuza chaja usome maandishi madogo: zidisha volti kwa ampia, unapata wati. Ya kwake ilikuwa volti 19.5 kwa ampia 6.15, yaani wati 120. Mashine ilitoka kiwandani na chaja ya wati 180, ambayo ni volti hizohizo kwa ampia 9.23. Ya awali ilikufa kabla hajainunua, na aliyemuuzia alimpa iliyoingia kwenye tundu. Kuingia kwenye tundu na kutosha ni mambo mawili. Chaja ilipozidiwa, mashine ilikuwa inakopa kwenye betri, na betri ikiisha au ikifa, mkopo unakwisha na kasi inakatwa.

Kuna hali mbaya zaidi ya hiyo. Baadhi ya laptopu zina pini nyembamba katikati ya plagi ambayo kazi yake ni kuitambulisha chaja. Chaja ya bandia isipotambulika, au pini ikipinda, mashine haiiamini, inafunga prosesa kwenye gigahezi 0.8 hivi na kukaa hapo. Ukiona kasi imeganda karibu na namba hiyo tangu unawasha, joto likiwa la chini kabisa, usiguse pesti. Angalia chaja na tundu lake kwanza.

Watu wananiambia ni umeme mdogo wa jioni. Soma tena lebo: chaja halali inapokea kuanzia volti 100 hadi 240, kwa hiyo taa ikififia saa mbili usiku chaja inaendelea kutoa kilekile. Kinachoua chaja ni ule mshindo wa umeme unaporudi baada ya kukatika. Ukikatika, chomoa, subiri utulie ndipo uchomeke.

Kuna wakati mashine ni safi, chaja ni sahihi, joto ni zuri, na gemu bado ni zito kuliko zamani. Hapo lazima uliangalie gemu lenyewe, maana huenda silo ulilokuwa unacheza. Gemu la mpira la FIFA 22 la kompyuta lilikuwa bado limejengwa kwa kizazi cha nyuma cha mashine za gemu, kile cha PS4. FIFA 23 ndiyo ya kwanza kuletwa kwenye kompyuta ikiwa ya kizazi kipya, na tofauti ya uzito kwa kadi za zamani ilikuwa kubwa ingawa kwa macho ni mpira uleule. Septemba 2023 waliokuwa wanacheza Counter-Strike: Global Offensive waliamka wakakuta imebadilishwa kuwa Counter-Strike 2, kwenye ikoni ileile, na mashine zilizokuwa zinatoa fremu 150 zikawa zinahangaika. Hakuna kilichoharibika kwenye laptopu hizo. Kilichobaki ni kushusha vivuli, kupunguza ukubwa wa picha kutoka 1080 hadi 900 au 720, na kukubali.

Draiva, yaani programu zinazoiongoza kadi ya picha, nazo zina umri. Kadi za GTX 10, ukoo wa Pascal uliotoka 2016, NVIDIA iliacha kuzitolea draiva mpya za gemu mwezi Oktoba 2025, na baada ya hapo zimebaki na marekebisho ya usalama tu. Mwezi huohuo, tarehe 14, msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma, na prosesa ya i7-7700HQ haimo kwenye orodha inayokubaliwa rasmi na Windows 11. Gemu unazozicheza leo hazitazimika kwa sababu hiyo, lakini usitegemee draiva mpya ije ikuponye gemu la mwakani. Na kama umebadili draiva jana na leo gemu linastukastuka, vumilia mechi mbili tatu: gemu linapika upya maelekezo ya kadi ya picha yaliyofutwa, na likimaliza linatulia.

RAM na diski nazitaja kwa ufupi kwa kuwa dalili zake ni rahisi kusoma. GB 8 leo zinajazwa na gemu pamoja na kivinjari kilichoachwa wazi nyuma. Zikijaa, Windows inahamishia mzigo kwenye diski, na hapo ndipo mstuko. Wengi hawajui kwamba kipande kimoja cha GB 8 kinapitisha data kwenye njia moja tu. Ukiongeza cha pili kinacholingana, unapata GB 16 na njia mbili kwa pamoja, na kwa mashine nyingi ninazoziona hili ndilo badiliko la gharama ndogo lenye faida kubwa kuliko yote. Diski ya zamani inayozunguka inasoma kama megabaiti 100 kwa sekunde, SSD (diski isiyozunguka) ya kawaida ya SATA zaidi ya 500. Hamishia gemu huko, na usiijaze SSD hadi mwisho, acha walau sehemu moja ya kumi ikiwa tupu.

Kitu kimoja sitakifanya, na nakuomba usikubali kufanyiwa. Ukianza kuona vidoti vya rangi na mistari ya ajabu kwenye picha hata kabla Windows haijafunguka, kadi ya picha au kumbukumbu yake inakufa. Kuna wanaoipasha bodi kwa bunduki ya joto hadi irudi. Inarudi kweli, wiki moja, wiki tatu, na malipo yanakuwa yameshapokelewa. Fedha hiyo iweke kwa mashine nyingine.

Na ukishaifungua kwa ajili ya vumbi, itazame betri. Ikiwa imevimba, au pedi ya kusogezea kishale imeanza kunyanyuka au kuwa ngumu kubonyea, usiichaji tena na usiitoboe kwa namna yoyote. Itolewe siku hiyohiyo. Ila kumbuka nilichosema juu ya mkopo: mashine zinazokopa kwenye betri zitapunguza kasi zikiendeshwa bila betri, hivyo usishtuke gemu likiwa zito hadi upate mpya.

Chaja ya wati 180 ya kijana ilitoka Dar kwa basi, akaifuata stendi mwenyewe alfajiri. Alipita mezani kwangu kabla ya kwenda chuoni, tukaichomeka, tukacheza mechi moja nzima. Betri ilianza asilimia 61, ikamaliza 78. Kipande cha pili cha RAM ameniambia atanunua boom, hela ya mkopo wa wanafunzi, likiingia.